Kaunti ilinipa nyumba mpya, mlango wangu ukaangaliana na wa mama mkwe

Wakuu, salaam aleikum kwa wale wa salaam, na wengine habari zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu dukani, wateja wananiuliza kama niko sawa. Leo na mimi nimeona nitoe yangu. Yamenipata mwenyewe hapa Isiolo, na mke wangu anajua naandika. Amesema nikiongeza chumvi atafungua akaunti aje anisahihishe mbele yenu.

Kwa hivyo hapa hakuna chumvi.

Tulikuwa tunaishi kwenye zile nyumba za zamani za council upande wa Wabera. Wanaozijua wanazijua. Safu kwa safu, mabati yameliwa na kutu, jikoni nje, choo cha kushirikiana mwisho wa safu. Mvua ikija unapanga masufuria sakafuni na kulala unasikiliza muziki wake.

Siku moja tukaitwa public participation, mkutano wa wananchi kutoa maoni. Tukaambiwa nyumba zitabomolewa, zijengwe flati za ghorofa, na sisi wapangaji wa zamani tutarudishwa kwa kodi ambayo mtu wa kawaida anaiweza.

Mnajua sisi Wakenya. Hakuna aliyeamini. Wengine walisema nyumba zimeshagawiwa watu wa Nairobi, wengine wakaapa jengo halitapita msingi. Mimi pia nilikuwa kwenye hilo kundi la kununa. Nilimwambia mke wangu, Talaso, kwamba tukitoka pale tumetoka kabisa, aage kuta.

Nikubali tu, walijenga. Tukahama kwenda kupanga kwingine, tukangoja, na jengo likapanda mbele ya macho yetu. Tukarudishwa. Maji ndani, choo ndani, dirisha linalofunguka na kufungika. Siku ya kwanza Talaso alifungua bomba la jikoni akasimama tu akiliangalia. Nilitaka kumtania nikashindwa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimewasha na kuzima taa ya sebule kama mtoto.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe.

Mimi ni Mborana na mke wangu ni Mborana. Mkwe kwetu anaitwa sodda. Mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, hamketi chumba kimoja mkapiga stori. Mkikutana njiani mmoja anakata kona. Jina lake hulitamki, na msiniulize jina lake hapa kwa sababu hata kwenye keyboard vidole vinakataa.

Najua vijana wengi wa town wameacha. Kuna rafiki yangu anapiga selfie na mama mkwe. Lakini mama yangu mkwe alizaliwa Garbatulla na akalelewa na nyanya yake, na mambo ya zamani ameyashika kwa mikono miwili.

Msidhani ni chuki. Huyo mama ndiye alinitetea nilipoenda kuposa sina kitu. Tangu nimuoe Talaso, hakuna Idd imepita bila yeye kunitumia kitu, na mimi simsahau. Yote yanapitia kwa Talaso.

Ni mjane. Anauza maziwa ya ngamia. Maziwa yanakuja asubuhi na gari kutoka kwa mifugo, yeye anayapokea, anayaonja, anayagawa kwenye mitungi aliyoifukiza kwa moshi, na wateja wanamfuata nyumbani. Amesomesha watoto wake wote kwa hiyo kazi.

Kule kwa nyumba za zamani yeye alikuwa na nyumba yake, safu ya mbali, na sisi yetu. Kati yetu kulikuwa na majirani, kuku, kamba za nguo. Tuliishi hivyo miaka yote bila tatizo. Nikitaka kupita upande wake nilikuwa najua saa zake, na yeye alijua zangu.

Wakati wa kupanga watu kwenye flati, wapangaji wapya walipigiwa kura. Sisi wa zamani tulipangwa na ofisi. Talaso alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu, akaenda kwa afisa wa nyumba, akamwomba kama inawezekana mama yake awekwe karibu naye.

Karibu. Hilo tu ndilo aliomba. Yeye alifikiria jengo moja, au jengo la pili yake.

Yule afisa ni mtu wa Pwani, mpole, mtu wa watu. Nasema kwa dhati, kati ya wale maafisa wote yeye ndiye aliyekuwa anatusikiliza. Akaona mama mjane, akaona binti mjamzito, roho yake ikalainika. Akatupatia ghorofa ya kwanza, milango inayoangaliana, korido ya kupishana watu wawili katikati.

Siku ya kupewa funguo alitupeleka mwenyewe. Akafungua mlango mmoja, akafungua wa pili, akasimama katikati akitabasamu.

"Haya, mama huku, binti kule. Mtoto akilia, bibi yuko hapo hapo. Mwaonaje?"

Mama mkwe alikuwa nyuma, kwenye ngazi, amejifunika mtandio hadi machoni kwa sababu mimi nilikuwepo. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta nikikagua rangi. Talaso alikuwa katikati yetu, anamshukuru yule bwana, na machozi yanamtoka. Afisa akadhani ni ya furaha.

Ungefanya nini, mkuu? Mtu amekutendea wema kwa roho safi. Tulichukua funguo.

Mwanzo tulijaribu kuchukulia poa. Mimi kabla ya kutoka naweka sikio mlangoni. Nikisikia chochote narudi kuketi. Talaso anatoka kwanza kukagua korido kama askari wa mpakani, ananipa ishara, natoka mbio viatu mkononi. Dukani kwangu nauza spea za lori, na madereva wanataka kufunguliwa mapema. Wakaanza kuniuliza siku hizi kuna nini, nimekuwa meneja?

Nilidhani anayeteseka ni mimi.

Kuna jirani yetu wa nyumba za chini, Mama Kendi, Mmeru, mcheshi lakini hana breki. Siku moja alinisimamisha nikirudi.

"Jirani, wewe unajua mama mkwe wako anasimama hapa kwa ngazi kila asubuhi?"

Nikamwambia sijui.

"Anasimama na hiyo mitungi yake ya maziwa akingojea wewe utoke. Juzi nimemwambia aweke chini apumzike, akasema iko sawa. Huyo mama magoti yake ni mbaya. Si hiyo ni uchungu?"

Wakuu, niliona aibu. Kumbe mimi niko ndani nimengoja yeye apite, na yeye yuko ngazini amengoja mimi nipite, na maziwa yanapata joto mikononi mwake. Nikajaribu kutoka mapema zaidi. Na yeye akaanza kurudi mapema zaidi ili awe ndani kabla sijatoka, akidhani ananisaidia. Tukabaki pale pale, mimi mlangoni, yeye ngazini.

Wateja wake nao wakapungua. Kule zamani walikuwa wanamkuta ameketi mlangoni. Huku mlango umefungwa muda wote kwa sababu yangu, na mteja wa maziwa hapandi ngazi kubisha.

Mtoto alizaliwa salama, binti, Rukia. Mama mkwe alimlea wiki zile za mwanzo, nami nikahamia dukani, nikilala kwenye mifuko ya spea, ili yeye aingie na kutoka apendavyo. Talaso alinona, mtoto akanona, mgongo wangu pekee ndio uliolalamika.

Nikaenda kwa sheikh wetu. Akaniambia kwa dini mama mkwe ni maharimu wako, unaweza kumsalimia, kuketi naye, hata kusafiri naye. Nilirudi na furaha, nikamtuma Talaso ampelekee hayo maneno.

Jibu likarudi: "Sheikh amesema haki. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa."

Nikarudi kwenye kazi yangu ya kuweka sikio mlangoni.

Miezi ikapita hivyo. Rukia akaanza kutambaa, na nyumba ya akko wake, yaani bibi yake, ndiyo ilikuwa safari yake ya kila siku. Halafu siku moja Talaso akanikalisha chini. Akasema mama anarudi Garbatulla kwa kaka yake. Ameamua.

Hapa niwaeleze uzito wa hilo neno. Masharti ya zile nyumba ni kwamba ukihama, nyumba inapewa aliye kwenye foleni. Hakuna kurudi. Huyo mama amelipa kodi ya nyumba za council tangu Talaso akiwa mdogo, amengoja flati kama sisi wote, halafu anaiacha. Na biashara ya maziwa iko Isiolo mjini, Garbatulla atakuwa anakula kwa mkono wa kaka yake, mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu chumvi.

Talaso alilia siku hiyo. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Nilienda kwa afisa. Nikamweleza yote kuhusu sodda. Alishangaa kweli.

"Lakini mkweo si kama mamako, bwana? Kwetu akija twala naye sahani moja, na utani juu."

Nikamwambia kwenu ni kwenu. Akashika kichwa. Yule bwana aliumia kujua kwamba wema wake ndio ulikuwa unatutesa. Akasema kubadilishana nyumba kunawezekana kama kuna mpangaji wa kukubali, na sababu iandikwe. Sababu zinazokubalika ni ugonjwa, ulemavu au ugomvi.

Mpangaji alikuwepo. Nilimgusia Mama Kendi, akakubali kabla sijamaliza. Alikuwa amechoka na vumbi na kelele za bodaboda, anataka juu. "Hata sisi Wameru tuko na mambo ya mkwe," akaniambia. "Kwani unafikiri ni nyinyi peke yenu?"

Na nyumba za chini zinaangalia barabara, mlango wake hauhusiani na ngazi yetu kabisa. Mama angeketi pale na mitungi yake, wateja wamwone. Ilikuwa kama imepimwa.

Kilichobaki ni sababu tu. Nikamtuma Talaso amwambie mama tuandike ugonjwa wa magoti.

Akakataa. Akasema magoti yanamuuma lakini si mgonjwa, na mtu hajiombei ugonjwa kwa karatasi.

Basi tuandike ugomvi. Hapo akakasirika. Agombane na nani? Yeye hajawahi kugombana na mkwe wake, na jina lake halitakaa ofisini kwamba aligombana naye.

Nilianza kukasirika na mimi. Nilisema mbele ya Talaso kwamba mtu akikataa kila kamba basi hataki kutolewa shimoni. Kule ng'ambo ya korido mama akaanza kufunga mizigo.

Kilichofuata sikukipanga wala sikukitafuta.

Ilikuwa mchana, Jumapili, duka nimefunga. Talaso ameenda sokoni na watoto wakubwa, mimi nimebaki na Rukia. Joto lilikuwa kali nikaacha mlango wazi, pazia tu limeshuka. Rukia akapita chini ya pazia, huyo, akavuka korido. Mlango wa akko nao ulikuwa wazi, pazia limeshuka vile vile. Nikabaki nimesimama nyuma ya pazia langu. Siwezi kumfuata, na siwezi kuita.

Nikamsikia mama mkwe akimpokea na kumwongelesha kwa Kiborana, kama wanavyoongeleshwa watoto. Halafu sauti ikabadilika. Akaongea polepole na kwa nguvu kidogo, nikajua yale maneno si ya mtoto. Nawapa kwa Kiswahili.

"Rukia, mwambie baba yako asifikiri namkimbia kwa sababu ya ngazi."

Wakuu, alikuwa anaongea na mimi. Kwetu kuna hiyo njia. Ukikwama kabisa unaongea na mtoto, na anayehusika asikie kwake.

"Mwambie, siku ile alipompandishia mama yako sauti kwa sababu ya chakula, nilisikia. Na mama yako alivyomjibu nilisikia pia, na alimjibu vibaya. Watu wa nyumba moja wanagombana, si ajabu. Lakini mimi nikisikia lazima nichague. Nikimchagua mtoto wangu, nimemvunjia heshima baba yako. Nikimchagua baba yako, nimemvunjia mtoto wangu. Huku kuta zinanipa kila neno. Miaka yote sijawahi kumsema vibaya baba yako, kwa sababu sijawahi kumwona vibaya. Nataka nife hivyo. Nikiwa mbali, nawapenda wote wawili."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Ile siku ya chakula niliikumbuka. Ugomvi wa kawaida wa watu waliochoka, hata Talaso alikuwa ameshausahau. Mimi nilikuwa nafikiria tunapishana miili tu, nani atoke na nani angoje. Kumbe mama alikuwa anabeba maneno yetu yote yaliyopenya mlangoni, na hana pa kuyatua.

Nilijibu kutoka nyuma ya pazia langu.

"Rukia, mwambie akko baba amesikia. Mwambie asiende Garbatulla. Nyumba ya chini nitaitafuta bila ugonjwa na bila ugomvi. Ikishindikana, anayehama hapa ni mimi na watu wangu, si yeye."

Halafu nikasikia akimwambia mtoto, "Haya, umesikia. Rudi kwa baba."

Rukia hakurudi, alikuwa amepewa maziwa. Alirudi wakati wake.

Asubuhi yake nilienda ofisini kabla hawajafungua. Nikamwambia afisa kila kitu, mpaka ule ugomvi wa chakula, maana bila huo haieleweki. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia kwenye sababu zake tatu yetu haimo.

Akasema, "Mamangu mwenyewe na mke wangu wakaa nyumba moja. Natamani mmoja wao angalisema maneno haya."

Akanipa kalamu. "Andika hivyo hivyo alivyosema. Heshima. Nitabeba mwenyewe kwa wakubwa."

Niliandika. Sijui alipambana vipi huko juu, najua tu alirudishwa mara ya kwanza akaenda tena. Ikapita. Kwa hilo namwombea kila Ijumaa.

Siku ya kuhamisha vitu mimi nilikaa dukani makusudi. Mume wa Mama Kendi na majirani walibeba. Jioni nikarudi, nikapanda ngazi nikitembea kama binadamu, viatu miguuni. Mlango wa mbele yangu redio ya Mama Kendi inapiga kwa sauti ya juu kabisa. Hiyo ni shida nyingine, lakini huyo naweza kumgongea.

Mama sasa anaketi mlangoni kwake chini, upande wa barabara, na wateja wamerudi. Mimi napita nyuma, iliko ngazi yetu. Hatujaonana tangu ahamie, na tuko sawa kabisa.

Juzi mimi na Talaso tulikosana tena. Kosa lilikuwa langu, niseme wazi. Akavaa mtandio akateremka kwa mama yake kunishtaki, na mimi nikabaki juu nikijua leo nimekwisha.

Hakukaa. Alirudi akiwa anajizuia kucheka. Nikamuuliza mama amesema nini.

"Nimemwambia yote," Talaso akasema. "Ameniangalia tu, akasema, 'Mimi sikuwepo, sikusikia. Rudi kwako mmalize na mume wako.'"

Tukamaliza.

Funzo langu ni dogo. Mimi zamani nilidhani heshima ya mkwe ni mzigo wa wazee, kitu cha kuvumilia. Sasa naona ni nafasi ambayo mtu anakuachia ili aendelee kukuwazia mema. Na ninyi mnaopanga watu kwenye majengo ya kaunti, wa hapa na wa kwingine, nyumba ni nzuri na tunashukuru. Lakini kabla ya kumpa mtu ufunguo, muulizeni pia nani anataka awe karibu naye, na karibu yake ni umbali gani. Jibu la Mborana na la mtu wa Pwani si moja, na wote wako sahihi.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Kwenu mkwe anakaa wapi? Na kama kuna mtu aliwekwa ukuta kwa ukuta na mkwe wakaishi vizuri, aje atueleze walifanyaje, kwa sababu Talaso anasoma majibu yote, na juzi ameanza kuuliza mama yangu mimi atahamia kwetu lini.